Mutumbula Aliyependa Vitabu

Yule mama mshonaji wa Kikula ametuacha wiki iliyopita, na tangu kilio chake sijatulia. Wasomaji wa safu hii wa mtaa ule wanamjua: kila Jumamosi mchana alifunika cherehani, akafungua riwaya ya mapenzi ya Kifaransa, akatusomea kwa Kiswahili chetu. Siku ya kilio, shemasi mmoja alimwambia binti wa marehemu kwamba vile vitabu vyake, ambamo mna wanyonya damu, vichomwe kabla ya maziko, la sivyo mtaa utasema mama alikuwa mutumbula. Shemasi si mtu mbaya, niseme haki. Ndiye aliyeleta mahema, na alikuwa amesikia minong'ono. Lakini jina hilo kwetu si la mchezo. Ndivyo wazee walivyomwita mtu wa kukamata watu njiani, wakaliwe wasionekane tena.

Na jina hilo, ole wetu, lililetwa na marehemu mwenyewe. Kitabu kimoja kilihusu kijana mnyonya damu asiyekufa, mwenye nyumba iliyojaa vitabu, aliyempenda msichana wa kusoma kama yeye. Neno la Kifaransa, vampire, halikutugusa, basi akamwita mutumbula, na kikundi kizima kikasogeza viti. Maoni yakamwagika.

“Mutumbula anapenda muntu?” aliuliza jirani mmoja, mke wa mwalimu. “Anamupenda na chumvi.”

“Miaka mia tatu anasoma tu,” akasema baba mmoja wa machimbo ya Kakontwe, “na hajue bado kuenda kwa baba ya binti kuuliza mahari. Ile mabuku inamufundisha nini?”

Mimi nilisema kijana ana maneno mengi mno. Shule sikufika mbali, huenda sikuelewa.

Kati yetu alikuwamo kambo mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee wa umri wa babu au bibi, mkongwe kuliko sote. Utotoni mwake kaka yake alitumwa unga Kapolowe, hakurudi, na nyumbani kwao walisema ni batumbula waliomchukua. Jumamosi iliyofuata kambo hakuja. Mshonaji akamfuata kwake, nami nikamsindikiza.

“Kambo, ile neno imekuumiza. Nimuite namna gani ule kijana?”

Kambo akajibu: “Iko na jina? Umuite na jina yake.”

Basi ikawa hivyo. Kikundi kilinung'unika, na siwezi kusema kilikosea. Hofu ya hadithi ilipungua kweli. “Sasa ni kijana wa kukosa usingizi tu,” baba wa Kakontwe alilalamika. Wawili waliacha kuja. Mshonaji alijua anapoteza wasikilizaji, akaendelea vilevile, na kambo akarudi kwenye kiti chake.

Ndiyo maana pale kwenye kilio, binti akiwa amesimama na vitabu mikononi, hajui ampinge mkubwa wa kanisa au amkane mama yake, kambo aliomba kuinuliwa kutoka kwenye mkeka.

“Shemasi, mutumbula minye namujua. Alikamata yaya yangu, kaka yangu mukubwa. Mutumbula haombake muntu ruhusa. Uyu mama alikuya mpaka kwangu kuomba ruhusa juu ya neno moja.”

Shemasi aliinamisha kichwa. Hakusema amekubali, wala mimi sitasema kwa niaba yake. Alimwambia tu binti, “Rudisha mu nyumba, mwanangu, tuende kuzika.”

Naandika haya nikiwa na wasiwasi, maana kazi yangu nami ni maneno, na neno lenye kutisha huuza gazeti. Nilichojifunza ni kidogo: mtaa wowote una mtu aliyelia machozi ya kweli kwa neno ambalo sisi wengine tunalitumia kunogesha hadithi. Kabla ya kulitumia, inafaa mtu avae viatu, aende kumuuliza.