Haika na Bata Wawili wa Kenton

Haika Mushi alikuwa mtu wa wasiwasi tangu utoto wake Machame. Akifunga mlango wa nyumba yao Barking, mashariki mwa London, alirudi kuujaribu, na akifika stesheni alimpigia mumewe Lawrence kuuliza kama jiko limezimwa, ingawa Lawrence alikuwa kwenye usukani wa basi na hawezi kushika simu. Kazini wasiwasi huo ulimsaidia. Alitunza wazee majumbani, na hakuna aliyewahi kukosa dozi mikononi mwake.

Mmoja wao alikuwa Indu, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na kuzeekea Kenton, upande mwingine wa London. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono na mguu wa kulia. Maandishi ya karibu hakuyaona tena, ila vya mbali aliviona vizuri, na Kiswahili chake hakikupungua hata neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nivalishe kofia, twende bwawani."

Bwawa lilikuwa mwendo wa basi moja. Kabla ya kuugua, Indu alijitolea miaka mingi kuhesabu ndege wa pale kila majira ya baridi. Sasa alitazama tu, Haika akisukuma kiti cha magurudumu.

Siku moja ya Aprili, Indu alimshika mkono ghafla.

"Simama. Pale kwenye matete. Unamwona?"

Haika aliona bata mdogo mnene, mwekundu kama udongo wa kwao, mashavu meupe, mkia umesimama wima. Mdomo wake ulikuwa wa buluu, buluu kabisa, kama uliopakwa rangi asubuhi ile. Alizama, akaibuka mbali na alipozamia, akatikisa kichwa. Haika alicheka kwa sauti. Indu hakucheka.

"Huyu asili yake Amerika," alisema. "Aliletwa kufugwa kwenye mabwawa ya matajiri, wengine wakaruka zao. Nilipoanza kuhesabu, hapa walikuwa wachache. Baadaye nchi nzima ikawa na maelfu."

"Sasa wako wapi?"

"Wamepigwa risasi. Serikali iliamua." Indu alivuta pumzi. "Walikuwa wanavuka bahari hadi Uhispania. Kule kuna jamaa yao mwenye kichwa cheupe, wakati mmoja walibaki makumi tu. Hawa wakizaa nao, watoto wanakuwa mchanganyiko, na yule mwenye kichwa cheupe anapotea moja kwa moja. Kwao Amerika hawa bado ni wengi sana. Yule hana kwingine kwa kukimbilia. Akionekana mmoja hapa, lazima watu wa wanyamapori waambiwe. Macho na mkono wangu haviwezi simu, Haika. Watumie meseji wewe."

"Nitatuma nikiwa kwenye treni, mama."

Kwenye treni aliandika, akafuta. Akaandika tena. Haika hakuwahi kuchinja hata kuku. Nyumbani kisu kikitolewa alikimbilia migombani. Alipofika Barking meseji ilikuwa haijaondoka.

Wiki iliyofuata Indu aliuliza, "Ulituma?"

"Nilituma, mama."

"Wamesemaje?"

"Hawajajibu."

Uongo ulitoka kirahisi, na urahisi huo ndio uliomtisha. Kuanzia hapo, kila walipofika bwawani, alikagua waliokuwapo. Mtu yeyote mwenye darubini alionekana kwake kama askari. Mei, Indu akiwa amesinzia kwenye kiti, Haika aliona bata jike wa kahawia akijipenyeza kwenye matete, na dume nyuma yake, mdomo wa buluu ukimeta. Mmoja angeweza kuondoka zake, lakini hawa wawili walikuwa wanaanza ukoo. Aligeuza kiti taratibu, na tangu siku hiyo akawa anampitisha Indu upande wa pili, akisema kule kwenye matete kuna tope.

Alianza kukosa usingizi. Lawrence alimuuliza, akaambiwa yote.

"Haika, si ni bata tu?"

"Ni bata. Lakini nikituma nimewaua. Nisipotuma wanaangua, na watoto wao wanaenda kumaliza wale wengine. Na yule mama nimemdanganya."

Lawrence alitaka kutania kuhusu wageni na makaratasi yao, akauona uso wa mkewe, akaacha.

"Mwambie yule mama," alisema. "Mengine yatafuata."

Hakumwambia. Mwanzoni mwa Juni, Indu ndiye aliyelianzisha, akiwa mezani na kikombe chake cha chai.

"Hawa watu wa wanyamapori wamenichosha. Leo mpwa wangu Reshma akija nitamwomba awapigie. Nitawauliza kwa nini wanapuuza meseji ya mtu."

Haika alikuwa amesimama na kisahani cha vidonge. Alikiweka mezani.

"Mama, usimwambie apige. Sikutuma."

Indu alimtazama.

"Sikutuma kabisa. Na sasa wako wawili. Nadhani wana kiota. Nisamehe, mama, niliwaonea huruma."

Indu alinyoosha mkono wake mzima, akakisogeza kile kisahani mbali naye.

"Huruma naielewa. Mimi niliwajua hawa kabla yako. Lakini uliniangalia usoni ukasema umetuma." Sauti yake ilipanda. "Mimi sisomi tena maandishi ya chupa, Haika. Unachonipa, nameza. Sasa nitajuaje?"

Haika alitoa simu, akaketi karibu na Indu, akaandika huku akisoma kila neno kwa sauti: bwawa gani, upande gani, bata wawili. Akabonyeza mbele yake. Kesho yake kijana mpole wa wanyamapori aliyejitambulisha kwa jina la Ryan alipiga kuuliza njia ya kufikia matete, akashukuru.

Alipopiga tena alisema kazi imekwisha. Wote wawili. Mayai yalikuwa bado hayajaanguliwa. Haika alimweleza Indu, kisha akaenda jikoni, akafungua bomba la maji na kulia hapo hapo.

"Njoo huku," Indu aliita. "Usidhani mimi sikulia mara ya kwanza walipouawa."

Hakusema amemsamehe. Kwa majuma mengi kila asubuhi alimtaka ataje jina la kila kidonge mara mbili, na Haika alitaja, masikio yakimwaka moto kwa aibu. Majani ya miti yalipoanza kupukutika, bila kuelezana lolote, ikawa mara moja.

Baridi ilipofika, Indu alimwomba aende bwawani badala yake, akawasaidie wale wanaohesabu. Haika alikwenda siku yake ya mapumziko, akasimama kwenye upepo na darubini ya kuazimwa. Katikati ya maji ndege mmoja mdogo alizama kabla hajamtambua. Haika alisubiri, asijue anaomba aibuke yupi. Aliyeibuka alikuwa bata mweusi mwenye ubavu mweupe, wa kawaida, wa pale pale.

"Mmoja," alimwambia mwanamke aliyekuwa akiandika, akainua tena darubini kuhakikisha.