Nilipanga kila kitu cha kumpeleka mke wangu Zanzibar, nikamsahau Madam

Wakuu, habari za mvua huko mliko.

Hapa Karatu kumetulia. Wageni hakuna, barabara za huku juu ni tope tupu, kwa hiyo nimepata muda wa kujianika mwenyewe. Haya yamenitokea kweli, sijatia chumvi. Mtu anayetunga asingejitungia aibu ya namna hii.

Mimi ni driver-guide. Nazungusha wageni Ngorongoro, halafu siku yao ya mwisho nawapeleka airstrip ya Manyara wapande kindege waende Zanzibar kupumzika. Njiani nawaelezea bahari kwa mbwembwe zote: maji ya vuguvugu, mchanga mweupe, pweza wa nazi.

Bahari yenyewe sikuwahi kuiona. Maji mengi niliyoyajua ni Ziwa Manyara, tena nikiwa juu mlimani.

Sasa siku moja mke wangu, Mama Eliza, alikuwa anafua sare za watoto. Akaniuliza bila hata kuinua kichwa:

"Hao wageni wako wanaoenda baharini wawili wawili, hawana watoto?"

Nikamwambia wanao, wamewaacha kwa bibi zao.

"Kwani Eliza hana bibi?"

Wakuu, bibi anaye. Eliza yuko darasa la nne na ana wadogo wawili. Tangu azaliwe hatujawahi kukaa sisi wawili tu, hata kwa kikombe cha chai. Kitandani kwenyewe kuna mtu katikati anayerusha mateke mpaka asubuhi. Mke wangu alikuwa amechoka, na nilikuwa naona, ila nilikuwa naona kama ninavyoona tembo wa mbali: natambua yupo, naendelea na safari.

Nikaamua twende.

Na kwa kuwa najiona professional, nikaandaa itinerary. Msicheke. Day one, day two, day three, kila siku na saa ya kuamka. Mama mkwe angetoka Endabash kuja kukaa na watoto. Nikapanga homa ikitokea aitwe nani, mvua ikizidi watoto wapite njia gani kwenda shule, mpaka kuku wafungiwe na nani. Jamaa yangu wa Unguja akatutafutia chumba. Jioni nikamkalisha mke wangu sebuleni, nikampa briefing kamili, mikono nyuma, kwa sauti ileile ya kuwakataza wageni wasishuke kwenye gari.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na Madam?"

"Madam yupi?"

Hapo ndipo aliponiangalia.

Madam ni ng'ombe wetu. Chotara, mweusi, ana maringo. Tangu ndama wake afe, aligoma kushusha maziwa kwa mtu yeyote isipokuwa mke wangu, aliyekuwa akimbembeleza kwa kawimbo ka Kiiraqw alikojitungia mwenyewe. Asubuhi na jioni, bila kukosa. Asipokamuliwa kiwele kinajaa, kikijaa sana ni ugonjwa.

Yaani mimi ninayemjua kila simba dume wa kreta kwa sura, sikujua kwamba ng'ombe aliye nyuma ya jiko langu ana masharti.

Nikasema hilo dogo, najifunza kabla hatujaondoka ili nimfundishe na mama. Asubuhi nikaingia bandani kifua mbele. Madam akaninusa, akanipiga teke moja safi la paja, ndoo ikaenda upande wake na mimi upande wangu.

Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshafika, alisimama mlangoni amejifunika mdomo na khanga. Kwa heshima ya ukwe hakucheka mbele yangu. Alienda kucheka nyuma ya nyumba, nikamsikia.

Aliporudi akasema, "Baba Eliza, vaa nguo za mwenyewe. Ng'ombe anamjua mtu kwa harufu."

Nikavaa. Sweta la mke wangu, khanga kiunoni, kilemba kichwani. Ndipo jirani yetu Mama Paulo akaja na chupa yake kufuata maziwa. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Basi nitarudi baadaye," akaondoka mbiombio. Mchana huohuo madereva wenzangu kwenye geti la Ngorongoro walikuwa wananiita Madam. Mpaka leo.

Mimi nilifeli. Mama mkwe alipovaa zile nguo akapata nusu ndoo. Tukasema inatosha, Mungu ni mwema, twende.

Basi mpaka Dar, boti mpaka Unguja. Mke wangu alilala njia nzima.

Tulipofika ufukweni nilishindwa kujizuia. Nikasimama majini na viatu vyangu vya porini nikaanza, "Ladies and gentlemen, mbele yenu..."

"Baba Eliza," akasema, "kaa chini."

Nikakaa. Itinerary ikafa hapohapo. Tukala, tukaongea mambo ya kijinga, akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Nilifurahi mno, wakuu, nasema bila aibu.

Asubuhi simu ikaita. Mama mkwe.

Madam amegoma. Jana jioni hakutoa kitu, leo asubuhi hakutoa kitu, kiwele kimekuwa kigumu kama ngoma. Bwana mifugo amesema asipokamuliwa leo tutampoteza.

Mke wangu hakulalamika. Alifungua begi akaanza kukunja nguo, moja moja, taratibu. Afadhali angenigombeza. Nikamwambia abaki, nitarudi mimi.

"Ukafanye nini?" akauliza.

Na kweli. Nikafanye nini?

Akakunja nguo mbili tatu, akasimama ghafla na khanga mkononi. Akampigia mama yake. "Mama, weka spika. Msogezee simu sikioni. Sikioni kwa Madam, siyo kwako."

Akatoka nje, akakaa mchangani, akaanza kuimba.

Wazungu wawili wa honeymoon wakasogea. Mmoja akaniuliza kwa kunong'ona kama hii ni sherehe ya asili. Kazi ni kazi, wakuu. Nikamjibu ndiyo, ya kale sana, inatoka milimani kwetu. Wakakaa chini kwa adabu.

Kwenye simu kimya. Mama mkwe anahema. Mke wangu anarudia kawimbo kalekale, sauti imeanza kukatika.

Halafu tukasikia: chwaa. Chwaa. Maziwa yanapiga ndoo.

Mke wangu akalia. Mimi nikasema losheni imeniingia machoni, na sikuwa nimepaka losheni.

Hatukurudi. Ila kila asubuhi na kila jioni, kwa siku zote tulizobaki, aliacha anachofanya akaenda kumwimbia Madam. Siku ya mwisho tulikuwa tumekaa hivi tunaangalia maji yakipwa, akaniambia bila hasira yoyote:

"Nimefurahi sana, Baba Eliza. Ila hata huku baharini nimekamua."

Kauli hiyo nimerudi nayo mpaka Karatu.

Nilichojifunza ni hiki: nilipanga watoto, kuku, mvua na homa, nikadhani nimemtoa mke wangu nyumbani. Mtu ambaye kazi yake hakuna mwingine anayeiweza, hata umpeleke kisiwani, hajatoka. Kabla ya kutafuta chumba, jifunze kwanza anachokifanya kila siku.

Kwa hiyo najifunza. Nikiwa sina wageni, Madam ni wangu. Navaa sweta, khanga na kilemba, naimba. Mateke yamepungua. Mama Paulo sasa anasubiri maziwa yake bila kukimbia, ila hanitazami usoni.

Walioko kwenye ndoa na wanaofuga, njooni mniambie mlitokaje nyumbani wawili tu na nani aliwashikia banda. Wa kunicheka pia karibuni, nimeshazoea.

NYONGEZA: Leo asubuhi mvua ilikuwa kubwa na baridi kali. Nikamwambia mke wangu alale, nikaenda bandani mwenyewe. Madam akageuza shingo, akaninusa muda mrefu, akashusha. Sikuamini, nikazidi kuimba kwa nguvu.

Sauti ya mke wangu ikatoka dirishani: "Baba Eliza, wimbo unaukosea!"

Lakini hakutoka kitandani.