Mithali Iliyosomwa Msibani

Sogea nikueleze, wewe unayejifunza kuhubiri. Asubuhi hii harufu ya tumbaku imetoka kwenye bani la jirani, banda la kukaushia majani yake, ikanirudisha kwenye msiba uliompata mama yangu mdogo.

Tulikuwa tumetoka kumzika mtoto wake wa pekee. Tulikaa mikekani kando ya bani, majani yakikauka ndani, na baba yangu, mwinjilisti wa kijiji, akahubiri kutoka Mithali. Alieleza vizuri, hoja kwa hoja, kwamba anayemcha Mungu huongezewa siku. Watu wakaitikia amina.

“Shemeji,” mama mdogo akauliza, “mwanangu alikosa nini? Alikuwa hajajua hata kutembea.”

“Nyamaza, mwanangu,” bibi akamnong'oneza. “Neno linasomwa.”

Baba akafunua kurasa, kisha akafunga Biblia. Mama mdogo akavua kitambaa chake cha kichwani, sare ya kina mama wa kanisa, akakikunja, akamkabidhi bibi. Hakukivaa tena.

Mithali hueleza jinsi maisha yaendavyo mara nyingi. Haimpi kila mtu ahadi. Ukiitwa msibani, fungua zaburi ya maombolezo, isome polepole hadi mwisho, kisha kaa kimya karibu na mfiwa.