Pua ya Chumba cha Kuvundikia

Kiwandani hakuna aliyemwita jina lake. Aliitwa Bi Pua, naye alilipenda hilo kama mtu aliyevishwa nishani. Na alistahili! Majani ya chai hutoka shambani yakiwa mamoja, ya kichaka kimoja. Yakipigwa mvuke mapema, hubaki ya kijani, na kikombe chake kina ladha ya ubichi. Yakinyaushwa, yakasagwa, yakatandazwa kwenye chumba cha kuvundikia yavute hewa, hugeuka rangi ya shaba, na ule ubichi ukayeyuka ikaingia harufu ya matunda yaliyoiva. Hapo ndipo hukimbizwa kwenye tanuri. Ukiwahi, chai inakwaruza ulimi. Ukichelewa, imepooza, hata sukari haiiamshi. Nani wa kuijua saa hiyo? Ni yeye tu. Kwa pua hiyo alimlea mwanawe peke yake tangu afiwe na mumewe, na kazi nyingine hakuijua.

Chai nayo ni mmbeya, kila harufu inayopita inaibeba mpaka kikombeni. Kwa hiyo asubuhi alisimama mlangoni akiwanusa wenzake. Aliyejipaka marashi, rudi kwenu! Mwaka jana alimrudisha hata mke wa mwanawe, mbele za watu, kisa mafuta ya nywele. "Kazi ni kazi, mkwe wangu. Tutapendana nyumbani."

Sasa sikia balaa. Asubuhi moja mwonjaji wa kiwanda, mtu asiyetoka chumbani mwake, aliingia na kikombe mkononi.

"Dada, hebu onja."

Bi Pua akapiga funda. "Ina nini? Safi kabisa."

"Safi? Hii si chai, ni dawa ya kuchua kifua! Shehena nzima imerudishwa. Bwana mkubwa kasema aliyeleta harufu hii anaondoka leo leo, awe nani awe nani."

Bi Pua akapandwa na hasira. "Nani mshenzi huyo? Namtoa mwenyewe!" Akaanza kuwanusa mmoja mmoja. Watu wakainamisha vichwa. Alipomfikia mkwewe, yule binti akasema polepole, "Mama, ni wewe."

Loo!

"Mimi?" Akachomoa kikopo cha dawa ya kuchua mfukoni. "Kwa hiki? Nilikipaka nilipopata mafua, lakini kimechuja, hakina harufu yoyote! Ndiyo maana nakipaka kingi. Nuseni!"

Akakifungua. Mwonjaji akaruka nyuma, machozi yakimtoka. Mkwe akaziba pua. Bi Pua akawashangaa, akakisogeza puani mwake, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akakitupa, akakimbilia majani yaliyotandazwa, akazika uso mzima humo.

Hakuna kitu. Jamani, hakuna kitu! Na mafua yalikwisha zamani.

"Ndiyo maana," mwonjaji akanong'ona, "leo chai mbichi, kesho imepooza. Nikajua dada anaumwa, atapona."

Kumbe saa ya tanuri alikuwa akiikisia kwa macho, mwenyewe asijue. Akawageukia, uso umejaa vumbi la chai. "Mlijua tangu lini?"

Mkwe ndiye aliyejikaza. "Tangu mafua, mama. Lakini nani angethubutu kukuambia wewe kwamba unanuka?"

Bi Pua akaanza kufungua kamba za aproni, maana agizo la bwana mkubwa alilisikia kama wengine.