Radiatere ya Injini ya Ndege

Nawaambia mimi mwenyewe, kabla mtaa wetu mzima wa Kadutu haujawaambia. Mimi ni fundi wa Fuso, na kwa milima yetu gari bila maji haifiki popote. Kwa hiyo Prefe, mkuu wa shule moja ya ufundi hapa Ibanda, aliponiita nisafishe kwa maonyesho ya shule injini kuukuu ya ndege ndogo, kazi ya Wajerumani wa kati ya zile vita mbili kubwa, kitu cha kwanza nilichotafuta ni radiatere, ile ya kupoza maji ya injini. Sikuiona, wala tundu la kutilia maji. Silinda zilivaa tu mabati membamba, yamepangana kama kurasa za kitabu.

“Wameiiba,” nikasema.

Wiki nzima Prefe akawa anamtazama vibaya muzee sentineli, mlinzi wa depo ilimowekwa injini.

Nikapata radiatere ya Fuso, nikaipaka rangi ya fedha. Siku ya maonyesho nikapanda nayo pikipiki, nimeikumbatia kama bibi arusi. Nikaifunga mbele ya injini, nikawahutubia wazazi: bila maji injini inaungua, hata Mujerumani hawezi kubisha. Wakapiga makofi.

Dereva wa pikipiki, aliyekuwa bado ananingoja mlangoni, akainua mkono kwa heshima.

“Papa fundi, miye sikusoma. Lakini hii pikipiki yangu yenye imekuleta iko na mabati kama hayo, na upepo ndiyo inaipoza. Radiatere yake uliiona wapi?”

Wazazi wote wakageuka kutazama pikipiki. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa muzee sentineli, na hakikuisha haraka.