Karanja, Wamekunyoa Masharubu

Bado nakataa. Jana tumemzika Karanja kule Kiganjo, Thika, na mimi naendelea kukataa kuamini. Marafiki wa humu, mjukuu wangu Wambui ndiye ananiandikia haya kwenye simu yake, mimi nasema tu.

Msiba wenyewe niliutarajia. Mtu wa umri wangu hashangai simu za namna hiyo. Kilichoniangusha ni kwamba jeneza lilipofunguliwa, Karanja hakuwa na masharubu. Vijana wa mochari walimnyoa, nadhani walitaka apendeze. Nikamwona yule kijana niliyemjua kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, mdomo wa juu mtupu. Tangu jana sura hiyo haijaniondoka.

Wacha niwaambie kwa nini.

Miaka ya hamsini Karanja alikuwa kiwandani Thika, shifti ya asubuhi. Mimi nilikuwa Ruiru, stoo ya shamba la kahawa. Tulitahiriwa pamoja, kwa hivyo aliniita wakine, yaani wa rika langu, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Tulichanga mishahara tukanunua gramafoni kuukuu kwa Kalasinga mmoja, fundi pale Thika. Kisha tukaanza kubishana itakaa kwa nani. Karanja akakata maneno.

"Gramafoni ikae kwangu, albamu zikae kwako. Hapo hakuna mtu atasikiza peke yake."

Albamu siku hizo zilikuwa vitabu vizito vyenye mifuko, kila mfuko santuri moja. Yangu ilikuwa ya magitaa ya Kongo. Yake ilikuwa ya kodiani, muziki wa mwomboko, dansi yetu Wakikuyu, na aliipenda mpaka alikuwa akiinusa kabla ya kuifungua! Kila Jumapili baada ya kanisa nilitoka Ruiru kwa baiskeli, albamu zimefungwa nyuma kwa mpira, nikimwomba Mungu zisivunjike.

Halafu masharubu yake yakatokea. Wui! Hatukupumzika. Alijitazama kwenye dirisha la kila duka. Mimi mdomo wangu ulikuwa laini kama wa mtoto. Jumapili moja nikajipaka masizi ya sufuria. Tukaenda kwao, mama yake akatupa uji, na nilipomaliza kunywa, masharubu yangu yote yalikuwa kwenye ukingo wa kikombe. Mama Karanja alicheka mpaka akakaa chini.

Tulimwuliza yule Kalasinga siri yake, maana masharubu yake yalikuwa yanakaribia masikio.

"Hii hapana dawa," akatuambia. "Wewe ngoja tu."

Jumapili iliyofuata Karanja akanifungulia mlango akiwa amenyoa. Nikamwuliza kama amerukwa na akili.

"Nakungoja, wakine. Tutafuga pamoja ama hatufugi."

Nilimcheka sana. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kupendwa na rafiki namna ile.

Emajensi ikafika kwetu. Bila pasi hungetoka Ruiru ukaenda Thika, na mimi nilinyimwa pasi. Yeye akabaki na gramafoni bila santuri, mimi na santuri bila gramafoni. Kazi yangu ikawa kuzifuta vumbi. Kisha nikasikia Karanja amechukuliwa kwenye msako, amepelekwa kambini. Hata mama yake hakuambiwa ni kambi gani.

Masharubu yangu yakaamua kuota wakati huo. Nilisimama mbele ya kioo nikaona aibu. Nikanyoa. Yakarudi, nikanyoa tena. Nyapara akaniuliza kama naogopa kuwa mwanaume. Angeelewa nini?

Alirudi siku moja mchana, amekonda, kichwa na uso vimenyolewa. Nilikuwa mlangoni pa stoo. Hakunisalimia hata. Alinitazama mdomo.

"Hata wewe ulingoja," akasema. Kisha akauliza, "Albamu ziko?"

Zilikuwepo. Na mama yake alikuwa ameihifadhi gramafoni ndani ya gunia la viazi.

Ya kambini hakuwahi kunisimulia, na nilijifunza kutomwuliza. Lakini kila santuri ilipoisha, ule mkwaruzo wa sindano ukibaki peke yake, Karanja aligeuka kutazama mlango, kama anayengoja askari. Alifanya hivyo hata tulipokuwa na wajukuu. Alifanya hivyo hata mara ya mwisho nilipomtembelea. Mimi nilikuwa nikiinua sindano haraka na kuanza kuongea upuzi wowote.

Masharubu tuliyafuga pamoja, kama alivyosema. Yake yalikuwa mazuri kuliko yangu, na hakukosa kunikumbusha.

Jana baada ya mazishi, mwanawe amenipakilia gramafoni kwenye gari. "Mzee alisema ikuje kwako, Baba."

Iko hapa mezani, albamu ziko kando yake. Kwa mara ya kwanza maishani vyote viko kwangu. Wambui ananisumbua, "Guka, si tuweke moja tu?" Nimekataa. Tulikubaliana hakuna kusikiza peke yake. Na kusema kweli, naogopa. Naogopa santuri itaisha, ule mkwaruzo utabaki, na nitajikuta nikitazama mlango.

Wakine, asubuhi ya leo nimeomba maji moto na wembe. Wambui aliponiona mdomo mtupu akapiga nduru. Nikamwambia atulie, kuna mtu amenyoa ili kunisubiri, na mimi si wa kumwacha asubiri peke yake.

Lala, Karanja, bila kutazama mlango. Jumapili yangu ikifika, nitakuja na albamu.