Tangazo Lisilobandikwa

Mume wangu alikuwa mtu wa fotokopi. Ndivyo walivyomwita kazini, na ndivyo alivyojitaja mwenyewe wageni walipomuuliza anafanya nini. Kampuni yao ilikuwa Ghala, mtaa wa hapa Maskati wenye magereji na mabohari, inauza vipuri vya malori: juu ofisi, chini stoo. Mashine yake ilikaa juu, karibu na ngazi, na miaka ya tisini ilikuwa haipoi. Kila karatasi ilitaka nakala, na kila nakala ilitaka nakala nyingine ya kuweka kabatini. Alikuwa akirudi nyumbani, mtaani kwetu Ansab, vidole vimeshika wino, kwapani ana bunda la karatasi zilizoharibika upande mmoja, ili watoto wafanyie hesabu upande wa pili. Zilizokuwa na jina la Mwenyezi Mungu alizitenga. Hakukubali zichezewe.

Mimi nilisoma Unguja mpaka darasa la saba, na sikuwahi kufanya kazi ya ofisi. Ninayoyajua ya ofisini nimeyapata kwake, tukiwa tunakula. Mengine niliyapata baadaye, kwa njia ambayo nisingeichagua.

Katika kazi zake iko moja ambayo hakuagizwa na mtu. Mfanyakazi akifiwa, yeye huandika tangazo kwa mkono, Kiarabu juu, Kiswahili chini, na mstari wa Kiingereza aliosaidiwa na karani. Akalitoa nakala, akalibandika mlangoni, kwenye ngazi, stoo, chumba cha kulia, na ndani ya basi la wafanyakazi. Hakubagua mtu. Dereva wa foklift, ile gari ya kunyanyulia mizigo stoo, Mkenya na Mkristo, alifiwa na mama yake huko kwao, na mama akazikwa mwanawe hajafika. Tangazo lilibandikwa vilevile. Jioni ile wanaume wa stoo, wa dini zote, walikwenda kukaa naye chumbani kwake, na mume wangu alichukua birika langu la kahawa. Aliporudi aliniambia, "Amelia sana yule. Anasema hakudhani hapa kuna mtu anayejua kama ana mama."

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, akaja meneja mpya, kijana wa kwetu. Wazee wake walitoka Zanzibar kama wetu, naye amesoma nje. Aliwakusanya watu akawaeleza karatasi zinazoingia kwenye mapipa ya taka kila siku, miti inayokatwa kwa ajili yake, na maji yanayochafuliwa kuzitengeneza. Kila meza ikapata kompyuta. Kuanzia pale khabari zote zipite humo, na anayetaka kuchapisha achapishe pande zote mbili.

Niliposikia, nilidhani kazi ya mume wangu imekwisha. Kumbe meneja alimpa yeye ulinzi wa mashine. Mtu akija na karatasi, amuulize kwanza, "Hii lazima?" Aliifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Kazini wakaanza kumwita Waziri wa Misitu, na mimi nyumbani sikuacha kumtania.

"Hebu nambie, bwana," nilimwambia siku moja, "hapa Maskati iko wapi hiyo miti unayoiokoa? Mi naona milima mitupu."

"Miti ya wenzetu."

"Ya wenzetu nani?"

"Ya wenye miti. Kwani ya kwao si miti?"

Alikuwa akisema kweli. Mapipa yalipungua kujaa, yeye mwenyewe aliona, na hakuna mtu aliyekosa kazi yake kwa kukosa nakala. Nasema hivi kwa sababu wako ndugu zangu wanaoulaani mpango ule mpaka leo, na mimi sikubaliani nao.

Kuta zilikuwa za mwisho. Meneja alisema hata matangazo yaende kwenye kompyuta. Mbao za matangazo mume wangu alizing'oa mwenyewe, na gundi iliyobaki ukutani akaikwangua kwa kisu. Alirudi nyumbani amechoka na amefurahi.

"Na watu wa stoo?" nilimuuliza. "Wao hawana kompyuta."

"Msimamizi wao anayo. Atawasomea."

"Asipowasomea?"

"Kwa nini asiwasomee, mama watoto? Mdomo si anao."

Alifariki asubuhi, nyumbani, kabla hajavaa kanzu ya kazini. Moyo. Baada ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Kwetu maiti haikawizwi. Jioni nilimuuliza shemeji yangu, mdogo wake marehemu, nani na nani walikuja.

"Ofisini wamekuja wote," alisema. "Meneja ameteremka kaburini pamoja nasi."

"Na stoo?"

"Stoo sijamwona mtu, shemeji."

Siku zote za azza, watu wakija kutupa pole, niliwangoja, na kila siku nikauliza. Msikitini, wanakokaa wanaume kupokea pole, hawakufika, wala hawakutuma salamu. Wanawake walikuwa wakinisomea Kurani, nami nasema moyoni: huyu amewachukulia kahawa misiba yao yote, na wa kwake wameupita. Nilikaa na chuki kubwa kuliko huzuni. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyokaa.

Azza ilipokwisha, na watu wameshatawanyika, wakaja. Walikuja moja kwa moja kutoka kazini, na nguo zao za kazi, wakasimama uwanjani hawathubutu kuingia. Nilikuwa ndani ya eda, kwa hiyo nilisimama nyuma ya pazia la mlango, shemeji yangu akiwa nje pamoja nao. Aliyesema alikuwa yule dereva wa foklift. Sauti yake sikuwahi kuisikia kabla.

"Mama, pole sana. Sisi tumejua leo."

"Leo vipi, baba? Amekufa wiki nzima."

"Hatukuambiwa. Msimamizi wetu alikuwa likizo kwao India. Amerudi leo, amefungua kompyuta, amekuta tangazo, ndio akatoka ofisini kwake akikimbia. Siku zote hizi tulidhani mzee amechukua likizo. Mama, tulikuwa tunamtania. Tunasema amekwenda kuhesabu miti."

Mwenzake mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Angekuwa ni yeye, angetubandikia."

Chuki yangu ikaondoka pale pale, na mahali pake hapakuja kitu. Niliona ni afadhali nilipokuwa nao wa kuwalaumu.

Meneja naye aliposikia alimtuma mkewe kwangu. Alisema mumewe hapati usingizi, na kwamba amerudisha ubao mmoja stoo, karatasi moja, kwa ajili ya vifo tu. Nilimwambia vizuri, na asijitie lawama, kwani marehemu mwenyewe ndiye aliyezing'oa zile mbao.

Lakini jioni ile walipokuja, watu wa stoo hawakutaka maneno. Walitaka kaburi. Shemeji yangu aliondoka nao kabla ya magharibi, wamejazana kwenye gari yake na ya mwenzake. Huku kwetu makaburi hayaandikwi. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Anayejua kaburi ni yule aliyezika.

Shemeji alirudi peke yake, akakaa barazani, upande wa pili wa pazia.

"Umewaonesha?"

"Nimewaonesha." Kisha akasema, "Shemeji, we sikuongopei. Tangu siku ile wamezikwa watu wengine safu ile ile. Makaburi mapya yote yamefanana. Siku ya kuzika mimi nlikuwa nalia, sikutia alama. Nimesimama pale nlipodhani, nao wakasimama."

"Hukuwa na hakika?"

"Sikuwa."

"Wao walijua?"

"Yule Mkenya aliniuliza, ni hili? Nkamwambia ndiyo. Ningemwambia nini?"

Akanieleza kwamba Waislamu walisoma Fatiha, na yule dereva akavua kofia yake ya kazi, akachutama, akaliondolea lile kaburi kokoto kubwa kubwa, moja moja, mpaka akaitwa kwamba gari inaondoka.

Eda yangu ilipokwisha, watoto waliniuliza kama nataka kupelekwa hata nikaliangalie kaburi kwa mbali, nikiwa ndani ya gari, maana wanawake kwetu hatuingii makaburini. Nilikataa. Wa kunionesha ni shemeji, na angenionesha lile lile.